Treni Iliyokatwa Njiani

Mwaka 1999 Khole aliporudi kutoka Ujerumani, alipitia kwanza nyumbani kwa dada yake Mahfoudha, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Alikwenda Hamburg kumtembelea Balqees, aliyesoma na Mahfoudha dawati moja. Walikuwa waende wote wawili, lakini Mahfoudha alinyimwa viza.

“Siku ya kwanza tu nilipotea,” Khole alisimulia akicheka. “Kumbe treni inakatwa njiani vipande viwili, na mie nimekaa kipande kinachokwenda kwengine! Nikashuka kituo nisichokijua, mkoba nimeusahau ndani, mvua inanipiga. Balqees akanifuata kwa gari, mwendo wa saa mbili.”

“Balqees hajui kuendesha gari.”

“Amejifunza zamani, Da Mahfoudha. Hajakwambia?”

Mahfoudha aliionea wivu hata ile mvua. Akaondoka kwenda chumbani, akapiga simu Hamburg, walau aisikie sauti ya rafiki yake.

“Khole!” Balqees alipokea kwa furaha. “Umefika salama, habibti?”

“Amefika,” Mahfoudha alisema, akakata simu kabla hajaulizwa ni nani.