Samaki Wachachu Kando ya Reli

Tangu shemeji yake Torleif akamatwe kule Norwe, Algot Rönnmark alikuwa anakula peke yake. Mkewe Borghild, dada yake Torleif na Mnorwe kama yeye, alimpikia, akampakulia, akamwekea mezani, kisha yeye na sahani yake hao jikoni. Kosa la Torleif, mwalimu wa shule, lilikuwa kukataa kuwafundisha watoto yale waliyoyataka Wajerumani walioivamia nchi yake. Kosa la Algot lilikuwa bendera.

Algot alikuwa stesheni masta wa Björkåsen, kaskazini mwa Uswidi, na mwenyekiti wa tawi la chama tawala cha wafanyakazi. Uswidi haikuegemea upande wowote vitani. Ndivyo ilivyosema serikali ya chama chake, naye alilirudia hilo mikutanoni mpaka watu wakapiga miayo. Lakini treni za askari wa Kijerumani, waendao likizo na kurudi Norwe, zilipita palepale mlangoni pake, na hakuna iliyoondoka kabla Algot hajapunga bendera yake ya kijani.

"Sijawabeba mimi, Borghild. Wanapita tu."

"Wanapita kwenda kwa nani, Ndugu Mwenyekiti?"

Hapo Algot hukohoa, akatafuta kofia.

Basi Agosti ikaingia, na siku ya kufungua makopo ya samaki wachachu. Jamani, nyie acheni! Samaki wale hutiwa chumvi kidogo wakaachwa mpaka wachachuke, kisha wakafungiwa koponi, na kopo likavimba kama shavu lenye jino bovu. Hawaliwi ndani ya nyumba, labda kama umeichoka nyumba yenyewe. Huliwa uani, kwa viazi, vitunguu na mkate mwembamba. Miaka yote ya ndoa Borghild alikuwa akiwakimbia, leso puani. Mwaka huo akasema, "Leo nakula na wewe. Meza nimeitoa uani."

Moyo wa Algot uliruka kwa furaha. Akanyoa, akavaa shati safi. Mwanamume mzima hakujiuliza kwa nini meza imesogezwa hadi kwenye uzio, pua na mdomo na jukwaa la treni, wala kwa nini jirani yao Edla, mjane asiyejua kunong'ona, amekuja na makopo yake ya mwaka juzi.

Treni ya askari ikaingia kuchukua maji. Joto kali, madirisha wazi yote. Borghild akalitoboa kopo la kwanza.

Psssss!

Edla akatoboa la pili. Madirisha yakaanza kufungwa, pa, pa, pa, na waliojifungia na harufu ndani wakayafungua tena wakitapika. Afisa mmoja akaruka chini, uso umemwiva.

"Gesi! Ni gesi hii?"

"Ni chakula cha mchana, bwana," alisema Algot.

"Kiondoe!"

Algot akamtazama, akautazama uzio. "Meza iko uani kwangu, bwana. Na sisi hapa hatuegemei upande wowote. Harufu nayo vivyo hivyo, inakwenda inakopelekwa na upepo."

"Mkaribishe kiti, Algot!" Edla alipiga kelele. "Maskini, ana njaa huyo!"

Borghild akacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, na Algot, ambaye hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu majira ya baridi, akamtazama yeye badala ya treni.

Tangi la injini likajaa. "Tuko tayari," afisa alisema kupitia leso. "Toa ishara, nakusihi!"

"Maji bado," alisema Algot.

Ulikuwa uongo mtupu, maji yalikuwa yanamwagika relini. Borghild aliacha kucheka. Akamvutia mumewe kiti.

"Kaa," alisema.

Algot akaketi, bendera mapajani. Mkewe akamkunjia mkate, samaki na kitunguu ndani, akamkabidhi kwa mkono wake, kisha akaketi ubavuni pake. Algot hakuwahi kula kitu kitamu kama kile kilichooza.

Simu ikalia ofisini.

"Makao makuu hao," alisema.

"Iache ilie."

Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Edla akaanza kuvimenya viazi vilivyokwisha kumenywa.

"Borghild, mke wangu, nisipopunga mimi, kesho wataleta mwingine apunge."

"Najua," alisema kwa upole. "Apunge huyo mwingine."

Simu ililia. Algot akafuta mikono, akavaa kofia vizuri, akapanda jukwaani na kuinua bendera. Treni ikajivuta kwenda Norwe. Afisa, leso bado puani, alimpigia saluti. "Asante sana, rafiki yangu!" alipaza sauti, tena kwa moyo wote.

Aliporudi mezani, sahani yake ilikuwa pale pale, imejazwa vizuri. Ya Borghild haikuwepo, na mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Edla alijifanya anatafuta kisu.

Algot akaketi akala. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye shati safi, na kwa ukali wa harufu ya samaki wale, hakuna aliyemuuliza analilia nini.