Kioo cha Sukari

Siku hiyo kioo cha sukari kilikataa kukauka. Mpambaji alikuwa amekipika tangu alfajiri kwenye sufuria yake ya nyumbani, sukari, maji na ndimu, akakimimina kwenye sinia pana. Lakini hewa ilikuwa na unyevu, na kufikia saa nne kilikuwa bado kinanata vidoleni. Bila kioo hicho cha uongo, kinachopasuka bila kumkata mtu, hakuna tukio la mwisho, na bila tukio la mwisho hakuna filamu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha na kuchekesha. Binti mwenye uchu wa umaarufu mtandaoni anamlisha pepo wa ndani ya simu kiungo kimoja kwa kila wafuasi laki moja: leo sikio, kesho jicho. Mwishowe anaangukia meza ya kioo na kufa akitabasamu, kwa sababu amefikisha milioni. Mkurugenzi alipenda kusema kwamba anaikemea jamii. Akishasema, huchungulia simu yake aone wamemfuata wangapi tangu jana.

Aliyeigiza binti huyo alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Mpambaji, na ni Mpambaji mwenyewe aliyemleta. Kupamba maharusi kulikuwa kumemshinda. Siku hizi kila bibi harusi ana rafiki mwenye brashi. Hapa, katika duka la vigae lililofilisika walilopanga kwa ajili ya filamu, alikuwa ameahidiwa ajira ya kudumu filamu ikikamilika. Alimchora binti koo lililochinjwa, akambandika jicho la gundi likining'inia shavuni.

"Mama mdogo, uso unaniwasha."

"Vumilia. Maharusi wangu walilalamika kuliko wewe, na hakuna aliyetolewa jicho."

Binti akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, asiharibu rangi.

Mpambaji alikwenda nyuma kunawa mikono. Aliporudi, meza ilikuwa imewekwa kioo kingine, kisafi, kisicho na ukungu hata kidogo. Alikigonga kwa ukucha. Cha sukari hutoa sauti butu, hiki kililia. Akageuka, akaona dirisha la stoo limebaki fremu tupu.

"Bosi, hiki ni cha dirisha."

Mkurugenzi hakuinua macho. "Chako kamera inakikataa. Hiki nimekikwaruza kwa chini, kitapasuka vizuri. Funguo za hapa tunarudisha leo jioni, mama. Au nitafute mpambaji mwingine na staa mwingine?"

Binti alikuwa pembeni akijipiga picha, hajasikia lolote. Maneno mawili tu yangetosha. Mpambaji alichukua brashi, akamwongezea damu shingoni, mahali ambapo haikuhitajika.

Kamera ikawashwa, binti akaiangukia meza. Alipiga kelele, na kelele zilikuwamo kwenye hadithi, kwa hiyo kamera iliendelea. "Safi, staa, safi," Mkurugenzi alinong'ona. Mpambaji ndiye aliyeona. Damu yake ya sharubati ni nzito, hutambaa polepole. Hii iliyotoka pajani ilikuwa nyepesi na ilikwenda mbio. Hata hapo alisubiri. Alisubiri mpaka Mkurugenzi akasema "kata", na hilo ndilo lililomtafuna kuliko yote.

Kwenye zahanati, muuguzi wa mapokezi aliliangalia lile jicho shavuni, akaliangalia lile koo, akasonya.

"Leo tena? Juzi alikuja mwenzenu na kisu mgongoni. Tulimwacha mtoto mwenye degedege tukamkimbilia yeye, kumbe anarekodi."

"Dada, mguu ni wa kweli."

"Na koo?"

"Koo ni rangi."

"Na jicho?"

"Gundi."

"Basi na mguu kauoshe. Bomba liko nje."

Wagonjwa kwenye benchi waliinua simu. Mpambaji alipiga magoti, akaanza kufuta kazi yake mwenyewe kwa mate na upindo wa gauni. Kila alichofuta kilitoka, na kadiri kilivyotoka ndivyo watu walivyocheka. Alipobandua jicho, mzee mmoja alipiga makofi. Ilipita robo saa. Kichwa cha binti kilipomwangukia begani, muuguzi alisogea, akagusa paja, na mkono wake ukarudi na damu yenye joto.

Tabibu alikuwa anakandamiza paja kwa bendeji kuzuia damu wakati simu ya Mpambaji ilipoita. Alisogea mlangoni.

"Mama, video ya hapo imeshasambaa," alisema Mkurugenzi. "Watazamaji laki tatu sasa hivi. Sasa nisikilize. Ukisema kioo cha dirisha, ni polisi hao. Na polisi watauliza mtengeneza vioo ni nani. Kwenye karatasi zangu ni wewe. Sema cha sukari. Funika kombe mwanaharamu apite."

Tabibu alimgeukia akiwa na sindano mkononi. "Mama, hiki kidonda ni kirefu ndani, sioni mwisho wake. Kilikuwa kioo gani? Kama ni cha kweli sishoni, huenda kuna vipande. Nawaandikia barua mwende hospitali kubwa wampige picha, mkipitia polisi."

Midomo ya binti ilikuwa imepauka. "Cha sukari, daktari," akasema. "Mama mdogo anakipika mwenyewe. Amekesha nacho." Akamtazama Mpambaji kwa fahari, kisha akachungulia simu yake iliyokuwa ikiita arifa. "Ni laki tatu kweli, mama mdogo?"

"Ni kweli, mama?" tabibu akauliza. Alikuwa anauliza habari ya kioo.

Mpambaji aliona aibu. Ajira, polisi, mtoto wa dada yake. Vyote vilimjia kwa pamoja, na alijua kabisa kipi kilipaswa kutangulia.

"Ni kweli," akasema. "Sukari na ndimu."

"Basi kilichobaki kitayeyuka chenyewe." Tabibu akavuta kiti, akaanza kushona.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa muuguzi wa mapokezi, amekwishapaka mafuta ya midomo. "Kumbe ni wewe? Wanangu wamenitumia video yako sasa hivi. Mdogo wangu, samahani kwa yale ya kule nje. Tupige moja tu." Akamkabidhi Mpambaji simu, akainama kando ya kitanda, shavu kwa shavu na binti.

Mpambaji aliwapima kwenye kioo cha simu. Binti alikuwa anatabasamu. Chini yao ilionekana mikono ya tabibu, na uzi ukipanda na kushuka.

"Huko chini usikuchukue," muuguzi akasema. "Kunatuharibia."

Mpambaji akainua simu kidogo, mpaka mguu ukatoka kwenye picha.