Watumishi Wanne wa Livorno

Mji Uliowakaribisha Wageni. Ndivyo lilivyosema bango la kwanza, na Twalibu hakuwa na ugomvi nalo. Alikuwa ameyaleta mabango yote tisa kwa gari lake la abiria wa uwanja wa ndege, kutoka kwa chama cha Waitaliano cha Houston mpaka ukumbi wa magorofa ya Vickery Meadow, mtaa wao wa wahamiaji. Sasa alikuwa anayatundika moja moja akiyasoma, maana shule aliiacha darasa la saba na kila akijuacho kajisomea mwenyewe. Livorno, bandari ya Italia. Ngome ya matofali mekundu iliyozungukwa na maji. Mtaa wa mifereji. Sheria za kale zilizowaita wafanyabiashara wa kila taifa na kila dini waje wakae. Kamati ya maonyesho ilipapenda hapo: ukumbi wa watu waliohama, picha za mji wa watu waliohama.

Kwenye bango la saba mikono ilimsimama.

Mtawala wa marumaru amesimama juu, kifua mbele. Chini yake, kwenye pembe nne, wanaume wanne wa shaba iliyokoza weusi, mikono imefungwa nyuma kwa minyororo, migongo imepinda. Mmoja ameinua uso kama anayemwuliza mtu jambo. Na chini ya picha, kwa Kiswahili: "Sanamu ya Ferdinando na watumishi wanne."

Akavaa miwani, akasoma tena.

Aliyetafsiri ni Wawira, nesi kutoka Embu, mwenyekiti wa kamati. Twalibu alipomwuliza mbona hakuandika watumwa, alimweleza huku akipanga viti kwamba lile neno lenyewe ni zito, kwamba kutakuwa na watoto na wageni wa heshima wa Houston, na watumishi si mbali na hilo lingine. Twalibu akamwambia Livorno ilikuwa na gereza la watumwa waliotekwa baharini, na inasimuliwa kwamba mchongaji aliingia humo kuchagua miili ya kuigiza. Hao hawakukaribishwa. Waliletwa.

"Mzee Twalibu, wewe kila kitu ni vita," Wawira alisema. "Mwaka jana ramani, juzi kalenda ya kanisa, leo sanamu ya Mtaliano aliyekufa zamani."

"Aliyekufa zamani mbona bado amesimama?"

Wawira akacheka, akamwambia atundike, watu wanakuja. Naye, pamoja na hasira zake zote, akatundika.

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa. Mchungaji Wanjohi, aliyealikwa kufungua kwa maombi, alipita akitazama picha mpaka akafika kwenye bango la saba. Kwao Kenya mtumishi ni mhubiri wa Injili. Yeye mwenyewe huitwa hivyo kutwa nzima. Akawageukia watu, macho yamelowa.

"Watazameni watumishi wa Bwana," alisema. "Walifungwa minyororo, lakini Injili hawakuikana."

Watu wakaitika amina. Mama mmoja wa Kikongo akainamisha kichwa mbele ya picha.

"Mchungaji, hao hawakuhubiri popote," Twalibu alisema. "Ni Waislamu wa Afrika Kaskazini. Ni watumwa. Wamewekwa pale kumpamba bwana mwenye minyororo hiyo."

Akatoa kalamu ya wino mzito, akafuta neno la Wawira kwa mstari mmoja na kuandika juu yake WATUMWA. Wawira alimjia mbio, akamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini amwaibishe Mtumishi mbele za watu, na hilo neno analipendea nini.

"Silipendi. Ni jina la bibi yangu."

Hasina, mkewe Twalibu kwa miaka ishirini na sita, alikuwa mlangoni na sinia la kaimati. Miaka yote hiyo alimjua bibi wa mumewe kwa jina la Salama, na kwa jina hilo alimwombea dua.

Ikabidi Twalibu aseme. Bibi yake alizaliwa Unguja na mama aliyekuwa mali ya watu, na wenye mali ndio waliompa mtoto jina: Mtumwa. Aliitikia jina hilo mpaka kaburini. Alipozikwa, ami zake Twalibu walikaa wakakubaliana aitwe Salama, kwa kuwa lile jina ni zito. Twalibu alikuwa na miaka kumi na tisa, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo amegombana na ramani, na makalenda, na wazungu, na kanisa la watu, na hata siku moja hajagombana na kichwa kile kilichoitikia.

Wawira akasema pole, lakini bango litolewe, wageni wa Houston wameshaegesha magari. Twalibu akalitungua mwenyewe. Hakulipeleka stoo. Alitoka nalo nje, akasimama kwenye njia ya kuingilia, ubao umemfunika kuanzia kifuani mpaka magotini.

Hasina akaacha sinia kwenye kiti, akamfuata, akashika ncha ya pili. Hakumtazama.

"Habari ya Salama utanieleza nyumbani, na utaieleza yote," alisema. "Sasa liinue. Hawalioni."