Taa Yenye Joto

Jamani, mimi nimechoka. Siku nzima nasimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali nikipiga pasi mashuka, jioni narudi miguu imevimba, halafu namkuta baba amenuna kwa sababu ya balbu. Balbu!

Baba yangu ni fundi saa. Tangu mama afariki anaishi kwangu, na meza yake ya kazi iko kwenye kona ya sebule, na taa fupi inayoinamia karibu na shavu lake. Siku za karibuni kazi ilikuwa haiendi. Saa ya mwalimu jirani ilikuwa wiki ya tatu mezani, utumbo nje. Nikasema basi, mwanga hautoshi, tena ile balbu ya kizamani inakula umeme kama haina akili nzuri. Nikanunua ya kubana matumizi.

"Haiwaki," alisema siku hiyo hiyo.

"Inawaka, baba. Inawaka mpaka macho yananiuma."

"Mimi nataka taa yenye joto, mwanangu. Hii imepoa."

Haya. Nikarudi dukani. Muuza vifaa vya umeme, ambaye mtaa mzima unamwita Volti kwa jinsi asivyonyamaza, alicheka. "Dada, umempelekea mzee nyeupe, mwanga wa baridi huo! Wazee wanapenda wa joto, ile ya manjano. Na usihangaike na wati. Hizi tisa zinamulika kama sitini za zamani. Wewe soma lumeni, kipimo cha mwanga, hapa kwenye boksi." Nilisoma lumeni mpaka kichwa kikanigonga. Nikachukua ya manjano.

Baba alikaa mbele yake dakika mbili. "Haina joto hii."

Nilipandisha sauti, sitaficha. Nilimwambia aache kudeka, mimi si mtu wa kuzunguka mjini na maboksi ya balbu, na kama kazi imemshinda aseme. Aliinamia tena saa ya mwalimu.

Jana nilirudi giza linaanza kuingia. Nikamkuta mezani, lenzi jichoni, balbu inamulika mpaka mvi zake zinang'aa. Alikuwa ameinua kiganja chini ya balbu, anakisogeza taratibu, kama mimi ninavyopima pasi kabla sijaigusisha shuka.

"Ni wewe?" aliuliza. "Hivi umeme umekatika tangu saa ngapi?"

Nikaitazama taa, nikamtazama yeye, nikaitazama taa tena. Maneno yote niliyombwatia juzi yakanirudia moja moja, nikatamani ardhi inimeze.

Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye. "Baba, huoni tangu lini?"

Alitoa lenzi, akaifuta kwa shati, akafuta tena.

"Ilianza kama ukungu," alisema. "Mvua zilipoanza, ndiyo ikawa giza kabisa. Nyumba hii naijua kwa vidole, hilo halikunisumbua. Na ile balbu ya zamani ilikuwa inanichoma hapa shavuni, najua imewaka. Basi nashika saa, nainamisha kichwa. Ukifungua mlango unanikuta niko kazini, unapita zako jikoni huna wasiwasi."