Njaa ya Rubani

Kwa maelezo yake mwenyewe, jirani alikaa siku arobaini bila kutia kitu tumboni isipokuwa maji ya uvuguvugu na majani ya kutafuna. Filamu ilimtaka awe rubani aliyetekwa vitani, basi akajikondesha hadi mbavu zikahesabika, ndipo akapigwa picha akitoroka, anatambaa chini ya seng'enge. Aliyasimulia hayo kila jioni barazani kwake, kidevu juu. Tangu filamu itoke, mtaa mzima ulimwita Rubani, naye akaitika bila haya.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimsikiliza, pini mdomoni. Yeye ndiye aliyeshona ovaroli za rubani huyo: moja chakavu ya kutorokea, moja nzima ya kutekwa. Alijua filamu haipigwi picha kwa mfuatano wa hadithi. Kutoroka kulipigwa wiki ya kwanza, jirani akiwa bado na wembamba wake wa kuzaliwa. Kutekwa kulipigwa mwisho, baada ya miezi miwili ya chakula cha bure, na kwenye foleni ya chakula bwana huyo hakuwahi kuwa wa pili. Mara tatu ovaroli nzima ililetwa itanuliwe, mara tatu fundi akatia kipande ubavuni. Siku yenyewe zipu ikagoma, akapigwa picha ameshika tumbo kwa mikono miwili. Watazamaji wakasema masikini, ameumia.

Fundi alicheka peke yake, akawaachia ujinga wao. Hadi ujinga ule ulipoingia jikoni kwake.

Mdogo wake wa kike alikuwa amejiunga na darasa la uigizaji ambalo Rubani alilifungua sebuleni. Filamu nyingine inakuja, binti anataka kuigiza mfungwa. Siku ya sita hii anasukuma sahani pembeni na kusema Rubani aliweza, kwa nini yeye asiweze. Asubuhi alianguka bombani, ndoo ikammwagikia. Fundi akamkorogea uji. Binti akafumba mdomo, akajikokota kwenda darasani.

Fundi akatoa ile ovaroli ya kutekwa kabatini, maana watu wa filamu walimwachia iwe viraka, akamfuata.

Rubani alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi watano, mafuta ya kifungua kinywa yaking'aa pembeni mwa mdomo.

"Karibu, dada. Leo tunajifunza njaa."

"Naona," fundi akasema. Akaigeuza ovaroli ndani nje, akaitandaza mezani. Vipande vitatu vikaonekana, kila kimoja na rangi yake, kwa kuwa kitambaa cha mwanzo kilikwisha.

"Jirani, sikuja kugombana. Mdogo wangu hanisikii mimi, anakusikia wewe. Mwambie kwa mdomo wako, siku ya kutekwa ulikula nini."

Wanafunzi wakamgeukia mwalimu wao. Binti, ameegemea ukuta, midomo imemkauka, naye akamtazama.

Rubani akainama juu ya meza. Akaanza kuikunja ovaroli taratibu, ubavu ule wenye vipande ukifichika ndani, akiulainisha kwa kiganja.