Ukuta wa Lowell Tollefson

Siku ya mwisho ya kazi ya kila mwezi, Ardis Tollefson alifika ofisini nusu saa kabla ya wenzake, akawasha mashine ya fotokopi ipate moto, akageuza tarehe kwenye mhuri, kisha akakaa kumsubiri mfadhili. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la kaunti, huko Dakota ya Kaskazini. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu na kumpa nakala yeyote aliyeziomba. Sheria haikumtaka mwombaji aseme yeye ni nani wala anazitakia nini. Ardis aliiona kuwa sheria nzuri.

Mfadhili aliingia saa nne kamili. Utepe mweusi ulimfunika uso kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Haukuwa kitambaa wala rangi, bali weusi uleule unaofunika majina ya siri kwenye nyaraka. Ulimtokea siku alipotia saini mkataba wa kuwasaidia maveterani wa vita wa kaunti kwa sharti kwamba jina lake lisijulikane, na tangu hapo haukumtoka. Alikunywa kahawa kupitia utepe huo bila kumwaga hata tone. Kila mtu alimjua kwa buti zake, kwa pikapu yake ya kijani na kwa kikohozi chake. Lakini aliyejaribu kumtaja alitoa ukimya wa urefu wa maneno mawili, kisha akaendelea na sentensi. Watu walishazoea.

"Habari za asubuhi, Ardis. Maombi ya mwezi huu, tafadhali."

"Nakala moja?"

"Kama kawaida."

Hakuwa mtu mbaya. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na hakupenda kusifiwa. Alitaka tu kujua kwamba msaada wake unawafikia wanaostahili, na kwa kuwa mfuko uliendeshwa na kaunti, fomu za waombaji zilikuwa kumbukumbu za umma.

Nakala ya fomu ilipokabidhiwa kwake tu, kile kilichoificha haja ya mwombaji kiligeuka kioo. Harvey Zacher aliomba meno ya bandia. Mashavu yake yakawa kioo, na wateja wa mkahawa wakawa wanayaona meno hayo yakitafuna mayai. Rosalie Keplin, aliyekuwa muuguzi wa jeshi Iraki, aliomba nauli ya kwenda kwa daktari wa watu wasiopata usingizi. Paji lake la uso likawa kioo, na ndani yake ilionekana barabara ya vumbi na lori lililosimama. Kwenye foleni ya duka la vyakula watu walilitazama lori hilo, halafu wakamuuliza kama anadhani theluji itaanguka. Alinunua kofia ya sufu. Kofia nayo ikawa kioo.

Ardis alimwandikia mwanasheria wa kaunti kuhusu jambo hilo. Mwanasheria alijibu kwamba mkataba wa mfadhili ni halali, na sheria ya kumbukumbu ni halali. Ardis alikagua vifungu vyote viwili akakuta ni kweli.

Lowell, kaka yake, alipigana Vietnam akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Sasa aliishi peke yake pembezoni mwa mji, katika nyumba iliyotazama barabara kuu. Mnamo Novemba mtambo wake wa kupasha nyumba joto ulikufa. Alihamia jikoni, akawa analala kitini mbele ya oveni iliyoachwa mlango wazi. Katikati ya Februari daktari alimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto vilivyokufa kwa baridi, akamwambia kwamba akiendelea hivyo mguu wenyewe utafuata.

"Tia saini hapa," Ardis alimwambia, akimwekea mbele fomu ya kuomba mtambo mpya.

"Ili nigeuzwe dirisha la duka?"

"Ni ukuta tu. Wewe mwenyewe hutageuka."

"Nitakuwa nyuma yake, Ardis. Watu wapite wanione nikijikuna mgongo?"

"Una vidole vinane. Unangoja vibaki vingapi?"

"Vitatu vinatosha kusimama," Lowell alisema, akauvuta mguu wake chini ya blanketi.

Wiki ya mwisho ya Februari theluji ilianguka siku tatu mfululizo, na kaunti ikatangaza kwamba barabara zimefungwa. Ardis alipiga hesabu. Mfadhili aliomba fomu za mwezi uliopo tu. Kama hangefika kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa, fomu ya Lowell ingeingia kabatini pamoja na miezi iliyopita, ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia. Alhamisi alitembea kwa miguu hadi kwa kaka yake, theluji ikimfika magotini.

"Mwezi huu hatakuja," alisema. "Barabara ya kwao imefunikwa hadi juu ya nguzo za uzio."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Lowell aliuangalia mguu wake, kisha akasaini.

Ardis alikuwa amesahau jambo ambalo kila mtu wa kaunti ile alilijua, yeye mwenyewe akiwamo. Pale hakuna aliyekubali kusema kwamba theluji imemzuia. Kuna wazee walioendelea kusimulia, miaka hamsini baadaye, jinsi walivyofika harusini wakiteleza juu ya theluji kwa mbao walizojifunga miguuni. Ijumaa saa nne kamili mfadhili aliingia akipangusa buti zake. Alikuwa amelifuata greda la theluji kwa trekta, kilomita kumi na nane.

"Theluji kidogo leo," alisema.

"Kidogo," Ardis alijibu.

Faili lilikuwa na fomu moja. Angeweza kusema kwamba mwezi huu hakuna aliyeomba. Kuficha kumbukumbu ilikuwa kosa la jinai; isitoshe, ingekuwa uongo, na hakuwa amewahi kumwambia mtu uongo katika chumba kile. Aliweka mkono juu ya faili.

"Ukiacha kuomba nakala," alisema, "hakuna atakayegeuka kioo."

"Nitajuaje basi kama msaada umemfikia anayestahili?"

"Nakwambia mimi. Umemfikia."

"Wewe nakuamini, Ardis. Lakini kaunti haiendeshwi kwa kuaminiana. Ndiyo maana tuna kumbukumbu."

"Na jina lako je?"

"Mimi sipendi kujionyesha." Alisema hivyo kwa moyo mweupe, utepe ukicheza kidogo mahali pa mdomo. "Mkataba uliniuliza kama nataka niandikwe au nisiandikwe. Wao hawakuulizwa?"

"Fomu yao haina swali hilo."

"Inasikitisha," alisema mfadhili, na akanyoosha mkono.

Ardis alitoa nakala, akaipiga mhuri, akamkabidhi. Dakika ileile ukuta wa kusini wa nyumba ya Lowell, ule uliotazama barabara, uligeuka kioo kuanzia msingi hadi paani.

Mtambo mpya ulifungwa Jumanne, na ulifanya kazi vizuri. Lowell alitundika ukutani blanketi la viraka alilolishona mama yao. Kufikia mchana lilikuwa kioo, kiraka kwa kiraka. Vidole vyake vinane vilipona.

Jumapili Ardis alimpelekea bakuli la viazi vilivyookwa kwa nyama ya kusaga. Walikula wakiitazama barabara, kwa sababu meza haikuenea upande mwingine. Katika kaunti ile dereva humwinulia kidole kutoka kwenye usukani kila mtu anayemwona, na sasa kila dereva alimwona Lowell. Lowell aliwajibu wote kwa kuinua uma.

"Mkono unaniuma," alisema.

"Si uache."

"Niache vipi? Watasema nina kiburi."

Pikapu ya kijani ilikuja taratibu, ikapunguza mwendo mbele ya nyumba. Nyuma ya usukani kulikuwa na utepe mweusi, na chini yake kidole kimoja kikainuka. Lowell aliinua uma wake.

"Huyo ni," alisema, ukafuata ukimya wa urefu wa maneno mawili, kisha akaomba chumvi.