Khalwa ya Stoo

Hamdiya alishamzoea mumewe. Muhiddin alikuwa mtu wa kushikwa na jambo, akaamka nalo na kulala nalo, kisha likamtoka bila hata kuaga. Kuna wakati ilikuwa njiwa, wakajaa kwenye roshani ya nyumba yao ya Mchafukoge mpaka nguo zikakosa pa kuanikwa. Zikafuata saa mbovu za ukutani. Halafu akaanza kujifunza Kituruki, kwa ajili ya safari ya Konya, huko Uturuki, ambayo mpaka leo haijaonekana. Yote hayo Hamdiya aliyabeba. Hili la khalwa ndilo lililomshinda.

"Khalwa ni kujitenga na watu, Mama Anfal," Muhiddin alimweleza, mkeka ukiwa kwapani. "Unakaa peke yako, unamtaja Mola wako, husemi na mtu."

"Utakaa wapi?"

"Stoo."

Stoo yenyewe ilikuwa nyuma ya duka lao la Kariakoo, na ndimo zilimokaa zipu, vifungo na nyuzi zote walizouza kwa jumla. Hamdiya alidhani anatania. Asubuhi yake akakuta mlango umekomewa kwa ndani.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa. Severa, mama wa Kichagga anayeshona sare mtaa wa pili, akaingia mbiombio.

"Mama Anfal, zipu zangu nyeusi. Mafundi wamekaa tu."

Hamdiya akagonga stoo. Akagonga tena, akaita. Ndani, sauti ya Muhiddin ikapanda, nyiradi zikasikika mpaka barazani.

"Anaumwa?" Severa akauliza.

"Yuko kwenye ibada."

"Basi aniombee na mimi nipate zipu," Severa akasema, akaenda kununua kwingine.

Hamdiya alifunga duka. Alikwenda moja kwa moja msikitini kwa Sheikh Abdulatif, aliyeongoza dhikri ya Alhamisi ambayo mumewe hakuikosa.

"Shikamoo sheikh. Nimekuja kuuliza, hii khalwa ya Muhiddin itaisha lini?"

"Marahaba. Khalwa gani? Nani kampa idhini?"

"Si wewe?"

Sheikh akavua miwani, akajikanda macho. "Mama, huyu bwana ananitumia ujumbe wa sauti usiku kucha. Roho inakaa wapi. Samaki wana uradi gani. Visa ya Uturuki inaombwaje. Nikamwambia, Muhiddin, nyamaza kidogo moyo utulie. Sikumwambia ajifungie!"

Wakarudi pamoja. Sheikh akagonga mara moja tu, akajitaja, na komeo likafunguka. Muhiddin alitoka amelowa jasho, kanzu imejaa vumbi la maboksi.

"Sheikh, nimeshindwa," akasema kwa unyonge. "Kila nikifumba macho nasikia mkokoteni unapita, najiuliza umebeba nini."

Sheikh akaangua kicheko. Hamdiya hakucheka.

"Nilikugongea," akasema. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukapandisha sauti."

Muhiddin akatazama chini. Sheikh akakatisha kicheko chake, akaaga upesi.

Hamdiya akamwekea mumewe funguo za duka mkononi. "Kesho naenda Tanga kwa Anfal."

"Utarudi lini?"

"Sijui. Sijawahi kuondoka bila kujua nitarudi lini. Acha na mimi nione."

Muhiddin alicheka kidogo akidhani ni hasira za siku moja. Kesho yake akambebea begi mpaka stendi, hacheki tena.

Tanga, Hamdiya alilala mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu ujana. Jioni binti yake alimpeleka kutembea, wakala mihogo ya kukaanga. Baba yake Anfal akipiga simu, Anfal ndiye aliyepokea.

Ijumaa moja hodi ikapigwa. Muhiddin alikuwa mlangoni, begi dogo begani.

"Nimekuja kukufuata, Mama Anfal. Nisamehe. Nyumba imepwaya."

Moyo wa Hamdiya ulianza kulainika. Kisha akakumbuka.

"Duka umemwachia nani?"

"Nimelifunga."

"Umelifunga! Msimu huu! Muhiddin, wewe una akili kweli?"

Mumewe akasimama vilevile, hajui aingie au arudi.

"Pita ndani basi," Hamdiya akamwambia, akimnyang'anya begi. "Umekula?"